Siku Murdo Alipowekwa Chini

Glenda Bezanson aliendesha basi la shule tangu nywele zake zikiwa nyekundu mpaka zikawa rangi ya majivu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemdhania kuwa angekuja kuwa mwalimu wa chochote. Hata yeye mwenyewe hakujidhania. Alizaliwa katika nyumba ile ile ya mbao nyeupe anayoishi mpaka leo, pale ardhi ya Nova Scotia, kule Kanada, inapokwisha na tope jekundu la ghuba linapoanzia. Kiingereza alikikuta nyumbani, akakitumia kama mtu anavyotumia mlango wa nyuma: unaingia, unatoka, humuulizi mtu nani aliutengeneza.

Mumewe, Lloyd, alikuwa mkata magogo. Alipofariki alimwachia mjane wake banda, malisho yanayopakana na tuta la kuzuia maji ya bahari, na farasi mmoja mpana wa mgongo, mwenye rangi ya chai ya rangi, aitwaye Murdo. Murdo ndiye aliyekuwa akiburuta magogo kutoka sehemu za msitu ambako mashine hazipiti. Sasa alikuwa mzee, meno yamelika, magoti yanamuuma wakati wa baridi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama getini asubuhi akimsubiri Glenda atoke na ndoo.

Ualimu ulimjia kwa ajali. Kila Jumanne jioni, katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kijiji, palikuwa na darasa la bure la Kiingereza kwa wageni: vibarua wa Kimeksiko wa mashamba ya tufaha, familia moja ya Kisiria, wanawake wawili watatu wa Kiukreni waliofanya kazi kwenye kiwanda cha kuku. Glenda alikuwa anakwenda kuwachemshia chai tu. Mwalimu wao akahama na mumewe kwenda Alberta, na mkuu wa zimamoto, Vaughn, akamwomba Glenda awashike wanafunzi wiki moja tu, mpaka apatikane mwingine. Huyo mwingine hajapatikana mpaka leo.

"Wewe? Mwalimu?" alisema shemeji yake Aubrey, mdogo wake Lloyd, siku alipopata habari. "Shemeji, wewe umezoea kuwaambia watoto kaeni na nyamazeni. Hicho ndicho Kiingereza chako chote."

"Basi wataanza na hicho," Glenda akamjibu.

Lakini usiku wa kuamkia somo la kwanza hakulala vizuri, na somo lenyewe lilimtoa jasho. Halyna, mwanamke wa Kiukreni aliyekuwa mhasibu kwao na sasa anakata mapaja ya kuku, aliinua mkono akauliza kwa nini kwa Kiingereza mti unakatwa chini, *cut down*, na kitunguu kinakatwa juu, *cut up*. Mti sawa, unaanguka. Lakini kitunguu? Kinapaa kwenda wapi? Glenda alikuwa amekata vitunguu juu maisha yake yote na hajawahi kujiuliza. Akasema ukweli, kwamba hajui, wakacheka wote, naye akaenda nyumbani akiwa ameanza kuisikia lugha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo akawa na uraibu wa vile vitenzi vya maneno mawili mawili. Anavisikia dukani, kanisani, kwenye redio. Neno la kawaida kabisa linashikana na kijineno kingine, juu, chini, nje, mbali, na ghafla linakuwa kiumbe kipya kabisa.

Ndiyo maana, Jumanne moja ya mwanzoni mwa Novemba, somo likawa juu ya *put down*. Put ni kuweka, down ni chini. Hata mtoto wa chekechea anayajua maneno hayo. Glenda hakuwaandikia maana. Aliwafanya wayatende.

"Eleuterio, chukua hilo gunia la tufaha."

Eleuterio Xicale, mtu wa Puebla, mfupi, kifua kama mtungi, alilinyanyua gunia begani.

"Sasa liweke chini."

Akaliweka chini. Darasa likasema maneno hayo kwa pamoja. Kisha Glenda akawapigisha simu za uongo na kuzikata, kwa sababu kukata simu nako ni kuiweka chini. Akawaambia waliweke chini jina la kila atakayekuja kwenye chakula cha jioni cha kikosi, yaani waliandike. Rahaf, mama wa Kisiria, alikuwa amempakata mwanawe aliyesinzia, na Glenda akamwonyesha mkeka kwenye kona: mtoto akilazwa, amewekwa chini. Serikali ikizima maasi, imeyaweka chini. Ukinunua nyumba ukatanguliza malipo kidogo, umeyaweka chini.

Wakati huo Aubrey aliingia kutafuta kofia aliyoisahau mchana.

"Na huyu," Glenda akasema akimwelekezea kidole, "akija kwangu akasema mbele za watu kwamba mkate wangu unafaa kujengea ukuta, huyo ananiweka chini. Yaani ananidhalilisha."

"Unafaa kujengea msingi," Aubrey akamsahihisha. "Ukuta utaelemewa."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha Rahaf, ambaye hupenda mambo yakamilike, akauliza, "Ndiyo yote, Mwalimu? Hakuna maana nyingine?"

"Ndiyo yote," Glenda akasema, akaenda kuangalia birika.

Haikuwa yote. Kulikuwa na maana moja zaidi, na ni ile ambayo Dokta Colleen Amirault, daktari wa mifugo, aliitamka mwezi wa Aprili akiwa amesimama mlangoni pa banda. Mnyama akiwa mzee au mgonjwa wa kupita dawa, akadungwa sindano ya kumwondoa duniani bila maumivu, wenye Kiingereza hawasemi ameuawa. Wanasema amewekwa chini. Daktari alikuwa amesema kwa upole tu, kwamba si leo wala kesho, lakini Glenda aanze kulifikiria. Glenda hakulifikiria. Kila lilipomjia alichukua brashi akaenda kumsugua Murdo mgongo.

Kesho yake baada ya somo lile, Jumatano, Aubrey alimpeleka Glenda mjini Halifax kwenye hospitali ya macho. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuona ukungu, na Glenda alikuwa amejitayarisha kuambiwa kwamba hataruhusiwa tena kuendesha gari. Mtu aliyeishi nyuma ya usukani maisha yake yote kuambiwa hivyo ni kama kuambiwa akae nje ya dunia. Daktari alimtia matone ya kutanua mboni, akamulika, akamgeuza kichwa huku na huku, mwishoni akamwambia ni mtoto wa jicho mdogo tu, hana haraka, aje tena mwakani. Glenda alitoka mle ndani miguu myepesi. Matone yalikuwa yameyeyusha dunia nzima: taa zilikuwa na manyoya, nyuso za watu zilikuwa viazi. Hakujali. Alimshika Aubrey mkono wakashuka ngazi wakicheka kama watoto waliotoroka shule.

Simu ikalia kabla hawajafika kwenye gari. Alikuwa Wanda Rafuse, jirani yake, mwenye lile shamba la tufaha wanalofanyia kazi Wameksiko.

"Glenda, uko wapi?"

"Natoka hospitali. Wanda, macho yangu ni mazima! Daktari kasema..."

"Mpenzi, nisikilize. Murdo ameingia kwenye tope."

Upepo wa usiku ulikuwa umeangusha kipande cha uzio. Murdo alipanda tuta, akateremka upande wa pili kufuata zile nyasi za chumvi anazozipenda, na ukingo wa mkondo wa maji ya bahari ukabomoka chini yake. Eleuterio alikuwa juu ya ngazi akichuma tufaha za mwisho ndipo akaona kichwa cha farasi kikitokeza mahali pasipotakiwa kuwa na kichwa cha farasi. Sasa zimamoto walikuwa wamefika, daktari wa mifugo amefika, na eskaveta ya Wanda, mashine yake ya kuchimbia mitaro, ilikuwa inaletwa juu ya tuta.

"Amezama mpaka wapi?" Glenda akauliza.

"Mpaka tumboni."

"Na maji?"

"Yameshageuka."

Kwa mtu wa ghuba ile, neno hilo linatosha. Maji ya pale yakipwa huacha uwanja mtupu wa tope mpaka upeo wa macho, na yakirudi hupanda kuliko paa la nyumba, na hayamngoji mtu.

Daktari wa mifugo akaichukua simu ya Wanda. "Glenda, ni Colleen. Tunalilegeza tope kwa mipira ya maji, tunajaribu kumpitishia mikanda chini ya tumbo. Muda bado upo. Lakini nakuuliza mapema, nisije nikakutafuta nikakukosa. Maji yakimfika shingoni na bado hajatoka..."

"Unataka kumweka chini."

"Nataka ruhusa yako tu. Siwezi kumwacha azame huku anajua."

Glenda aliegemea nguzo ya maegesho. Nguzo ilikuwa baridi na yeye alikuwa haioni vizuri, lakini aliishika kama anamshika mtu.

"Usimwache azame," akasema. "Ikifika hapo, fanya."

"Asante. Hatujafika hapo."

Aubrey alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, ukamtosha. Alimsukuma shemeji yake ndani ya gari, akamvika miwani yake ya jua, akatoka Halifax akilipigia honi kila lililokuwa mbele yake. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa akisema kila Krismasi kwamba farasi asiyefanya kazi ni kochi linalokula.

"Hafi huyo," alisema huku ameikodolea macho barabara. "Mkaidi kama marehemu kaka. Lloyd aliangukiwa na mti akaamka akaenda kula. Farasi wake atakufa kwa tope? Acha wee."

Glenda alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Walikuwa wamepita Mount Uniacke, barabara imeanza kuteremka kuelekea bondeni, ndipo ilipolia tena. Nyuma ya sauti kulikuwa na ngurumo ya mashine na upepo.

"Mwalimu! Mwalimu, ni mimi, Eleuterio! Wamemweka chini!"

Glenda alifumba macho. Mambo yote yalinyamaza ndani yake, kama jokofu linapozimika jikoni na ndipo unagundua kwamba lilikuwa linavuma.

"Lini?" akauliza.

"Sasa hivi! Hivi punde! Wamemweka chini kwenye nyasi, taratibu sana."

Angalau hakufia topeni, Glenda akawaza. "Aliteseka?"

"Mwanzo, ndiyo. Alipiga mateke, alipiga kelele. Kisha Dokta akamdunga sindano, akatulia. Akawa kimya kabisa."

"Ulikuwa naye?"

"Nilimshika kichwa, Mwalimu. Muda wote. Nilimwimbia."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

"Bi Wanda analia. Mimi pia nimelia. Halafu watu wote wakapiga makofi!"

"Wakapiga nini?"

"Makofi! Vaughn, Dokta, zimamoto wote! Wengine walipiga mbinja!"

Glenda akaikata simu, kisha akaizima kabisa. Alikaa ameiangalia, ingawa kwa macho yale ilikuwa ni kivuli cheusi tu mapajani.

"Wamemweka chini," akamwambia Aubrey.

Aubrey aliondoa mguu kwenye mafuta. Kisha akasogeza gari pembeni ya barabara, akazima injini, akaushika usukani kana kwamba bado wanakwenda. Mabega yake yalianza kutikisika. Glenda hakuwahi kumwona Aubrey akilia, hata siku walipomzika Lloyd, ambapo alisimama mlangoni mwa kanisa akiwatania wabeba jeneza.

"Aubrey. Wewe hata humpendi."

"Nani kakwambia?" Alijifuta pua kwa kiganja. "Unadhani yeye kila Jumapili alikuwa ananuka peremende kwa sababu gani? Ukiwa kanisani mimi nakwenda bandani. Nampa moja, nakula moja. Tunaongea. Ndiye pekee aliyebaki anayemjua Lloyd kama mimi ninavyomjua."

Glenda alimwekea mkono mgongoni. Wakakaa hivyo, magari yakiwapita vuu, vuu, mpaka Aubrey akawasha injini tena.

Njia iliyobaki Glenda aliimaliza kwa hasira, kwa sababu hasira inabebeka kuliko huzuni. Makofi! Watu aliowamiminia chai. Vaughn, aliyekuwa akipanda basi lake na kamasi puani. Na Colleen, msomi mzima na digrii yake. Ilikuwa nini kwao, mchezo wa hoki? Alikuwa anapanga maneno. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa makali.

Walipofika, magari ya zimamoto yalikuwa yamejipanga kando ya malisho, na sauti ya kwanza kumfikia ilikuwa kicheko. Alishuka, Aubrey akamshika kiwiko, wakaanza kupanda tuta. Jua la Novemba lilikuwa chini likimchoma moja kwa moja kwenye zile mboni zilizotanuliwa. Aliona rangi tu: nyekundu ya gari, njano ya mashine, na katikati lundo kubwa la kahawia lililofunikwa mablanketi. Akajua ni nini. Wamemfunika. Hilo walikuwa na adabu ya kulifanya.

"Glenda!" Vaughn akaita. "Umefika! Njoo umwone!"

"Nimwone?" Sauti yake iliwanyamazisha wote. "Mnacheka, Vaughn? Mnyama wa watu amelala hapo hata hajapoa, na nyinyi mnacheka na kupiga makofi? Mama yako alikulea hivyo?"

Ulisikika upepo kwenye majani makavu. Ndipo lile lundo la kahawia likapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndefu, ya maji maji, na ilimrushia Glenda matope kifuani. Alisimama kama aliyepigwa msumari. Lundo likasogea. Kitu kikubwa, chenye joto, kinachonuka chumvi na tope na nyasi zilizotafunwa, kikamsukuma begani, kisha kikaanza kumpekua mfuko wa koti kama kilivyofanya kila asubuhi.

"Murdo?" akasema.

Alimgusa pua. Akamgusa shavu, akapanda na mkono mpaka penye ule mfupa mpana wa paji la uso. Kila alipogusa palikuwa pamepakwa tope na palikuwa hai. Akamkumbatia farasi shingoni, akaning'inia pale kama koti. Murdo alimvumilia. Woga aliokuwa ameubeba tangu kule Halifax, pengine tangu Aprili, ulimtoka kwa pumzi moja ndefu yenye sauti, na sauti hiyo haikuwa kilio wala kicheko. Nyuma yake alimsikia Aubrey akisema, "Shenzi kabisa, wewe farasi. Shenzi kabisa," huku anapapasa mifuko yake.

Alipoweza kusimama mwenyewe aligeuka. "Eleuterio yuko wapi?"

"Niko hapa, Mwalimu." Ilikuwa ni sanamu ya tope iliyosema, meno tu ndiyo meupe. "Nilikupigia tena, simu haipatikani."

"Uliniambia wamemweka chini!"

"Ndiyo." Eleuterio alionyesha kwa mikono. "Mashine ilimwinua. Juu, juu sana, miguu inaning'inia hivi. Mimi nafuata chini nimeshika kamba ya kichwa. Ikampitisha juu ya tuta, kisha wakamweka chini. Kwenye nyasi. Jana si ulitufundisha? Una kitu mkononi, unakishusha, unakiweka chini." Akamtazama kwa wasiwasi. "Nilisema vibaya?"

Wanda ndiye aliyeelewa kwanza. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Ee Mungu wangu! Umempigia Glenda, akiwa njiani, ukamwambia wamemweka chini?"

"Mimi nilidhani simu umepiga wewe," Colleen akamwambia Wanda.

"Simu yangu iko ndani ya mkondo! Ilinidondoka wakati wa mikanda!"

Glenda akajibu polepole, kama anavyowajibu darasani. "Hukusema vibaya, Eleuterio. Ulisema sawasawa kabisa. Kitenzi sawa, wakati sawa, kila kitu mahali pake."

Ikabidi Colleen amweleze maana iliyobaki. Alimweleza taratibu, kwa maneno mepesi, na tope usoni pa Eleuterio likaonekana kupasuka kadiri alivyoelewa.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "nimemuua?"

"Umemuua kutoka Mount Uniacke mpaka hapa," Aubrey akamwambia. "Na mimi umeniliza kando ya barabara kuu, mbele ya malori. Lori moja lilitaka kusimama linisaidie."

"Na sindano ya kumtuliza? Nilimwambia na sindano!"

"Ulimwambia na sindano, ndiyo."

"Na makofi!" Wanda akapiga yowe. "Jamani, alimwambia na makofi!"

Hapo Vaughn aliketi palepale kwenye majani, akacheka mpaka akavua kofia yake ya chuma. Walicheka wote, kicheko cha watu walioloa na kuchoka waliokaribia kumpoteza mwenzao wasimpoteze. Eleuterio peke yake hakucheka. Alimkaribia Glenda akiwa ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, nisamehe. Sikujua."

"Ungejulia wapi? Rahaf aliniuliza kama ndiyo yote, nikasema ndiyo. Sikutaka kulitamka hilo lililobaki." Alimpangusa tope kidogo shavuni kwa ncha ya skafu yake, kazi isiyo na maana yoyote kwa tope lile. "Wewe ulimshika kichwa."

"Nilimshika."

"Uliimba nini?"

Eleuterio aliona haya. "Wimbo wa kumbembeleza mtoto. Ndio peke yake ninaoukumbuka wote."

Jua lilipoanza kuzama maji yalikuwa yameujaza mkondo mpaka ukingoni, tambarare na ya kahawia, kana kwamba hapakutokea kitu. Walimwongoza Murdo nyumbani hatua kwa hatua. Colleen alimpima mapigo ya moyo, akamsikiliza tumbo, akamfunga miguu ya mbele bendeji, akasema ana michubuko na uchovu, na kwamba moyo ule ni wa farasi mwenye nusu ya umri wake. Kuhusu lile jambo la Aprili alisema tu, huku akifunga mkoba, kwamba inaonekana alilisema mapema mno. Watu wa kikosi walileta sufuria ya supu nzito ya samaki na viazi, wakaila wamesimama mlangoni mwa banda. Macho ya Glenda yalianza kurudi. Kwanza aliona kijiko, kisha mkono wake mwenyewe, na baadaye kidogo, upande wa pili wa banda, akauona uso wa Murdo wazi kabisa, kope zina tope, taya linakwenda polepole kulia na kushoto.

Jumanne iliyofuata hakukuwa na kiti kitupu. Hata waliokuwa hawaji siku za mvua walikuja. Glenda aliimalizia ile maana ubaoni bila kuficha kitu, akawauliza kwao wanasemaje. Halyna akasema kwao mnyama hulazwa usingizi. Rahaf akasema kwao huitwa kuua kwa huruma, hawazungushi. Eleuterio akakuna kichwa, akasema kwao farasi hutolewa sadaka.

"Sadaka kwa nani?" Halyna akataka kujua.

"Sijui. Sijawahi kujiuliza."

"Karibu kwenye chama," Glenda akamwambia.

Mwisho wa mwezi vibarua walirudi Meksiko. Kuaga kulikuwa kwa harakaharaka, basi linanguruma, mabegi yamefungwa kwa kamba, na Wanda anawagawia mikate ya tufaha. Theluji ikaja, ikakaa. Murdo aliimaliza baridi hiyo akiwa na blanketi jipya ambalo Aubrey alidai amelipata kwa bei ya kutupa, na ambalo lebo yake Glenda aliikuta kwenye ndoo ya taka ikieleza mambo tofauti.

Asubuhi moja ya Februari simu ililia akiwa bandani. Alikuwa Eleuterio, na nyuma yake jogoo na watoto wanaogombania nafasi. Binti zake hawakuamini kwamba farasi aliweza kuruka hewani. Walimwita baba yao mwongo. Je, Mwalimu angeweza kuwaonyesha? Glenda akaigeuza simu kuelekea kwa Murdo, ambaye aliinusa, akaona haina harufu ya chakula, hata hivyo akailamba kioo chote kutoka chini hadi juu. Kutoka Puebla ulisikika ukelele wa furaha, kisha sauti nyembamba ikamuuliza baba yake kitu kwa Kihispania.

"Anasema nini?" Glenda akauliza huku akiifuta simu kwenye suruali.

"Anauliza kama farasi bado anaruka."

"Mwambie amestaafu," Glenda akasema, akaigeuza simu tena ili wamtazame vizuri.